Shajara ya mradi: kuweka SSD ya NVMe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na sloti ya M.2

Hali ya mashine kabla ya kazi

Kompyuta hii ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, familia ya Haswell iliyotoka mwaka 2013, na bodi mama yenye chipseti ya Q87, yaani chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine. RAM ni gigabaiti 32, feni zinazunguka vizuri, na sina sababu ya kuitupa. Ninaitumia kuhariri video, na kwa kazi hiyo prosesa bado inajitahidi. Kinachonirudisha nyuma ni diski. SSD iliyomo ni ya SATA, kiungo cha zamani cha diski, na SATA ya toleo la 3 mwisho wake ni gigabiti 6 kwa sekunde. Kati ya kila biti 10 zinazosafiri, 8 tu ndizo data, kwa hiyo ni megabaiti 600. Kwa vitendo, zikizidi 550 ujue umebahatika. Nikichezesha video tatu kwa pamoja kwenye programu ya kuhariri, picha inakwama ilhali prosesa haijafika hata nusu ya uwezo wake.

Bodi haina sloti ya M.2, ile ndogo ya kuchomekea SSD bapa, lakini ina sloti za PCI Express, zile za kadi za nyongeza, zisizotumika. Kwa hiyo mradi ni huu: kadi ya kuongeza inayobeba SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi kuliko ya SATA, ichomekwe kwenye mojawapo ya sloti hizo.

Kadi yenyewe ni rahisi mno, na wengi wanaoiona mara ya kwanza hawaamini kuwa inatosha. Haina chipu ya kutafsiri chochote. SSD ya NVMe inazungumza PCI Express tangu kiwandani, hivyo kazi ya kadi ni kufikisha nyaya tu: njia nne za data, saa ya megahezi 100, na umeme wa volti 3.3 unaotoka kwenye sloti. Angalizo moja kwa anayetaka kufuata njia hii: si kila SSD yenye umbo la M.2 ni ya NVMe. Zipo za SATA zenye umbo lilelile, na kwenye kadi kama hii hazitaonekana kabisa. Soma maandishi yaliyo kwenye SSD yenyewe kabla ya kulipa.

Kuchagua sloti

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sijutii.

Bodi ina sloti mbili ndefu za x16, moja juu karibu na prosesa na nyingine chini. Ukizitazama juu juu ni mapacha. Lakini urefu wa sloti haukwambii una njia ngapi. Nilimulika tochi ndani ya ile ya chini, nikaona vijino vya chuma vinavyong'aa vimejipanga kuanzia upande wa nyuma ya kasha, kisha kabla ya kufika nusu vinakoma. Kuanzia hapo ni plastiki tupu hadi mwisho. Kitabu cha bodi kinathibitisha: sloti ya chini ni ndefu kwa umbo, lakini imeungwa njia nne tu, na njia hizo zinatoka kwenye chipseti. Ya juu ina njia zote 16, zinazotoka moja kwa moja kwenye prosesa.

Tofauti haiishii kwenye idadi. Njia za chipseti ya Q87 ni za PCI Express 2.0, za prosesa ni za 3.0. Toleo la 2.0 hupeleka gigatransfa 5 kwa sekunde kwa kila njia, yaani biti bilioni 5, lakini katika kila biti 10 zinazosafiri, 8 tu ndizo data. Kinachobaki ni megabaiti 500 kwa njia, yaani 2,000 kwa njia nne. Toleo la 3.0 liliongeza mwendo hadi gigatransfa 8 tu, ambayo si hata mara mbili, ila likabadilisha usimbaji: biti 128 za data katika kila 130. Kwa hiyo kila njia inapata kama megabaiti 985, na nne zinakaribia 3,940. Mabadiliko ya usimbaji yalileta karibu theluthi ya nyongeza hiyo, na ni mojawapo ya mambo yanayonivutia sana katika historia ya teknolojia hii.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Chipseti nayo ina kiungo chake cha kufikia prosesa, kinachoitwa DMI, na katika kizazi hiki kiungo hicho kina upana sawa na njia nne za 2.0. Diski zote za SATA, USB na mtandao hupita hapohapo. Ni sawa na bomba moja linalogawia nyumba nzima: ukifungua koga, jikoni maji yanapungua. SSD kwenye sloti ya chini itagombania nafasi na vyote hivyo.

Hata hivyo nimeamua kuanza na sloti ya chini. Ya juu ningependa ibaki wazi iwapo siku moja nitahitaji kadi ya picha, kwani sasa ninatumia picha za prosesa yenyewe. Pia ninataka namba za pande zote mbili, niamue kwa kuona.

Kufungua kasha

Nilizima mashine, nikachomoa waya wa umeme, kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Taa ndogo ya kijani kwenye bodi ilififia na kuzimika. Hapo ndipo nilipojua kwamba umeme uliobaki kwenye pawa saplai umeisha. Usiguse sloti yoyote kabla taa hiyo haijazimika.

Kuhusu umeme tuli, situmii mkanda wa mkononi. Ninagusa chuma cha kasha kisicho na rangi kabla ya kushika kadi, na ninarudia kila ninaposimama na kurudi. Mwili na kasha vikiwa katika volti ileile, hakuna cheche ya kuruka.

Kadi ilikuja na breketi fupi ya makasha membamba, na ndani ya pakiti kuna breketi ndefu. Kasha langu ni la kimo kamili, kwa hiyo nilifungua skrubu mbili na kubadilisha. SSD inaingia kwenye soketi yake ikiwa imeinama kama nyuzi 30, kisha unailaza na kuifunga kwa skrubu moja ndogo sana mwishoni. Iandalie bisibisi inayoienea, maana kichwa chake huliwa haraka. Pedi ya joto ina karatasi ya plastiki pande zote mbili. Zote zitolewe, vinginevyo kipoza joto kinakaa juu ya plastiki na hakivuti joto ipasavyo.

Nilipangusa vumbi kwenye sloti kwa brashi laini, nikatoa bamba la nyuma ya kasha, nikaingiza kadi na kukaza skrubu ya breketi.

Kuwasha mara ya kwanza

Linux iliitambua kadi papo hapo. Kerneli, kiini cha mfumo huo endeshi, imekuwa na draiva ya NVMe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Diski mpya imejitokeza kwa jina la nvme0n1, ukubwa wake ni sahihi, na inakubali kuandikwa na kusomwa.

Wengi huishia hapa na kufunga kasha. Mimi nikafungua kumbukumbu za kerneli kwa amri ya dmesg, kwa sababu humo kerneli husema waziwazi kiungo kimepatana kwa kiwango gani. Mstari wenyewe ulisema kwamba kuna 8.000 Gb/s, kiungo kikiwa 5.0 GT/s PCIe x2, ilhali kadi ina uwezo wa 31.504 Gb/s kwa 8.0 GT/s PCIe x4.

Ile 5.0 nilikuwa ninaitarajia, ndiyo kasi ya sloti ya chini. Ila x2 haikuwa na maelezo. Ilipaswa kuwa x4, yaani 16.000 Gb/s. Amri ya lspci yenye -vv ilisema vivyo hivyo: kwenye LnkCap (uwezo wa kiungo) upana ni x4, kwenye LnkSta (hali yake ya sasa) ni x2, na pembeni neno linaloonyesha kuwa kiungo kimeshushwa.

PCI Express ina ustahimilivu mkubwa, na ustahimilivu huo ndio unaoficha matatizo. Mashine inapowaka, pande mbili hujaribu kila njia. Njia isiyojibu huachwa, na kiungo kinajengwa kwa zile zinazofanya kazi. Hakuna kosa linaloonyeshwa kwenye kioo, hakuna mlio. Unapata kifaa kinachofanya kazi kwa nusu ya uwezo, na unaweza kuishi nacho miaka.

Kutafuta njia mbili zilizopotea

Mahali pa kwanza kuangalia ni BIOS, programu ya bodi inayoanzisha mashine. Kuna bodi ambazo sloti ndefu ya chini hugawana njia na sloti fupi za x1, na kuna mpangilio wa kuchagua nani azipate. Kwenye bodi hii hakuna mgawano wa aina hiyo, na mipangilio yote ilikuwa sawa.

Nikazima, nikachomoa waya, nikalaza kasha ubavu na kuinamisha macho hadi usawa wa bodi. Tatizo lilionekana bila hata kifaa cha kupimia. Upande wa breketi, meno ya dhahabu yalikuwa yamezama yote. Upande wa pili, mwisho wa kadi, kulikuwa na ukanda mwembamba wa dhahabu juu ya mdomo wa sloti, unene wa kucha. Kadi imekaa mshazari.

Hili linaelezea kila kitu. Kwenye sloti ya PCI Express, meno ya umeme yako karibu na breketi, kabla ya lile pengo dogo. Baada ya pengo inafuata njia ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu na ya nne, zikielekea mbali na breketi. Kwa hiyo kadi ikinyanyuka upande wa mbali, umeme unapatikana, njia za mwanzo zinapatikana, na zinazokatika ni zile za mwisho. Kadi inawaka na kutambuliwa, lakini upana umepungua.

Je, ni sloti au ni breketi? Nilitoa breketi kabisa. Kasha likiwa limelala, kadi inasimama wima yenyewe kwenye sloti bila kushikwa. Nilibonyeza kwa vidole viwili, kimoja kila upande, hadi ikashuka sawasawa, nikaunganisha umeme na kuwasha. Kiungo: x4. Gb/s 16.000. Sloti ni nzima, kadi ni nzima.

Basi ni breketi. Nikaiweka juu ya meza bapa kando ya rula ya chuma, nikaona pembe ya juu, pale inapokunjwa ili skrubu ipite, imekunjwa zaidi kidogo ya nyuzi 90. Skrubu ikikazwa, pembe hiyo inavutwa ibane kwenye kasha, na breketi nzima inazunguka kidogo, ikinyanyua mwisho wa kadi. Niliinyoosha kwa koleo lililofungwa kitambaa, taratibu, nikipima kila mara. Kisha nikarudisha kwa mpangilio tofauti: skrubu mbili za breketi kwenye kadi zikiwa zimelegea, kadi ikabonyezwa hadi chini, skrubu ya kasha ikakazwa, na ndipo zile mbili zikakazwa mwisho. Kwa njia hiyo breketi inajipanga kufuata mkao wa kadi, na kadi haivutwi na chochote.

Baada ya kukaza kila kitu, x4 imebaki x4. Nimewasha na kuzima tena na tena, na pia nimesimamisha kasha wima, kwa sababu uzito wa kadi ukiwa umelala ni tofauti na ukiwa wima. Haijashuka.

Vipimo, sloti ya chini

Nimepima kwa fio, programu ya kupimia kasi ya diski, vipande vya megabaiti 1, foleni ya maombi 32, bila kupitia akiba ya RAM ili namba zisidanganye.

SSD ya zamani ya SATA: takribani megabaiti 530 kwa sekunde kusoma. NVMe kwenye sloti ya chini: takribani 1,650. Zile 2,000 za hesabu hazifikiwi kamwe, kwani kila pakiti ya data hubeba vichwa na alama zake za ukaguzi. Kisha nikapima huku ninakili faili kubwa kutoka kwenye diski ya SATA kwa wakati mmoja. Kusoma kukashuka hadi karibu 1,200. Hiyo ndiyo DMI inayogawana, kama ilivyotarajiwa.

Vipimo, sloti ya juu

Nimehamisha kadi. Sloti ya x16 ina klipu ya kushikilia mwishoni, lakini kadi ya x4 ni fupi na haifiki kwenye klipu hiyo. Kinachoishikilia ni skrubu ya breketi peke yake, hivyo usiiache bila skrubu ukidhani sloti inatosha.

Kerneli: 31.504 Gb/s, na safari hii hakuna maneno ya kwamba kuna kinachoibana. Kusoma kumefika takribani megabaiti 3,300. Kunakili kutoka SATA kwa wakati huohuo hakujabadilisha chochote, kwa sababu njia hizi hazipiti kwenye chipseti.

Lakini kipimo cha vipande vidogo vya kilobaiti 4, ombi moja moja, kimetoa karibu megabaiti 50 kwenye sloti zote mbili. Tofauti ni ndogo mno kuijali. Hapo kinachosubiriwa si kiungo, ni seli za kumbukumbu zenyewe kujibu. Mtu ambaye kazi yake ni kuandika barua, kufungua kurasa za intaneti na majedwali hatahisi tofauti yoyote kati ya sloti ya juu na ya chini, na nisingemshauri achukue sloti ya kadi ya picha kwa ajili ya namba ya fio. Mimi ninasoma faili kubwa mfululizo, video tatu au nne kwa pamoja. Kwa kazi hii tofauti ipo na ninaiona kwa macho: video zilezile zilizokuwa zikikwama sasa zinakwenda, hata nikiruka mbele na nyuma. Kadi itabaki juu.

Kuhamisha mfumo endeshi

BIOS ya bodi hii haina draiva ya NVMe. SSD mpya haionekani kwenye orodha ya diski za kuwashia, na haitaonekana. Kuna wanaobadilisha BIOS kwa kuingiza moduli ya NVMe wenyewe. Inawezekana, ila ikiharibika unabaki na bodi isiyowaka, na kuna njia isiyo na hatari hiyo.

Njia ni kugawa kazi. BIOS inahitaji kusoma vitu vichache tu: sehemu ya EFI (ya faili za kuwashia), GRUB (programu inayopakia kerneli), kerneli na initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia). Hivyo vikibaki kwenye SSD ya SATA, BIOS inavipata bila shida. Kerneli ikishapanda kwenye RAM inatumia draiva yake yenyewe, na kuanzia hapo NVMe inasomeka kama diski nyingine yoyote. Muhimu ni kwamba /boot, folda ya faili hizo, yote ibaki SATA, si sehemu ya EFI peke yake. GRUB husoma diski kwa msaada wa BIOS, na kile BIOS isichokiona, GRUB nayo haikioni.

Kwanza nilichukua nakala rudufu kwenye diski ya nje na kuifungua faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Halafu nikawasha kwa fleshi yenye Linux, nikanakili mfumo kwa rsync, amri ya kunakili faili, kwa chaguo zinazohifadhi ruhusa, viungo na sifa za ziada, nikaandika UUID mpya (kitambulisho cha sehemu ya diski) kwenye fstab, faili inayoorodhesha diski za kuunganishwa, nikatengeneza upya initramfs na mpangilio wa GRUB kutoka ndani ya mfumo mpya. Umewaka. findmnt inaonyesha mzizi uko nvme0n1p1, na /boot iko kwenye SATA.

Joto

Hili lilinipa wasiwasi kwenye sloti ya chini, ambako hewa haizunguki vizuri. Wakati wa kuandika mfululizo kwa muda mrefu, smartctl, amri ya kusoma hali ya diski, ilionyesha nyuzi 74 za selsiasi. SSD za aina hii hujipunguzia mwendo zenyewe joto likipanda sana, ili zisiungue, na sikupenda kuishi karibu na kiwango hicho. Kwenye sloti ya juu, feni ya prosesa inapuliza karibu na kadi. Mzigo uleule, na kasi kubwa zaidi, umeishia nyuzi 63. Sina haja ya kuongeza feni.

Hali ilivyo sasa

Kasha limefungwa. fstrim imewekwa ijiendeshe kila wiki, ili SSD ijue ni nafasi zipi hazitumiki tena. Nimeandika hati fupi inayosoma LnkSta kila mashine inapowaka na kunitumia ujumbe upana ukiwa chini ya x4 au kasi chini ya 8GT/s. Kadi ikitikisika wakati wa kuhamisha meza, nitajua siku hiyohiyo.

SSD ya SATA sasa ina /boot, na nafasi iliyobaki inapokea nakala za miradi kila usiku. Nimebandika karatasi juu yake ndani ya kasha kwa wino mzito: MASHINE HAIWAKI BILA DISKI HII. Atakayefungua kasha baadaye, akaona diski ndogo ya zamani kando ya NVMe mpya, asije akaitoa akidhani imeachwa tu.